Maskani ya Moduli: Nani Aamue Programu Isakinishwe Wapi?

Miongoni mwa istilahi ambazo Kiswahili kimejipatia tangu tarakilishi zienee katika vyuo na afisi, kitenzi "sakinisha" kina bahati ya pekee. Kitenzi hiki kimetokana na "sakini", yaani kukaa au kuishi mahali, nalo lina asili moja ya Kiarabu na neno "maskani". Kwa hivyo, anayesema kwamba programu imesakinishwa hasemi tu kwamba imeingizwa katika tarakilishi; anasema kwamba imepewa makao. Na palipo na makao huzuka maswali ambayo kila mwenye nyumba anayajua: mgeni apewe chumba kipi? Nani ana ruhusa ya kumkaribisha? Na akiitwa usiku, atapatikana wapi?

Makala haya yanadai kwamba mahali pa kusakinisha moduli hapafai kuamuliwa na mazoea ya mtunzi wa programu wala na haraka ya anayeisakinisha. Panafaa kuamuliwa kwa kuuliza mambo mawili: moduli hiyo ni ya nani, na nani atakayeitunza? Aidha, makala yanashikilia kwamba suala hili haliwahusu wahandisi peke yao. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili ni moduli. Tafsiri ya menyu za programu ni moduli. Zikiwekwa pasipofaa, mwanafunzi wa Kiswahili huambiwa na tarakilishi kwamba lugha yake haipo, ilhali imo humo humo ndani.

Jinsi moduli inavyotafutwa

Moduli ni kipande cha programu kilichoandikwa ili kitumiwe na programu nyingine. Mtunzi wa programu ya kupanga insha kwa alfabeti hana haja ya kubuni upya kanuni za kupanga. Huiita moduli iliyokwisha kuandikwa na wengine. Lugha za tarakilishi kama Perl, iliyotolewa na Larry Wall mwaka wa 1987, na Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka wa 1991, zimejengeka juu ya desturi hii ya kuazimana.

Moduli inapoitwa, tarakilishi haiitafuti kila mahali. Ina orodha ya saraka, nayo hubisha mlango mmoja baada ya mwingine kwa kufuata utaratibu wa orodha hiyo. Moduli ya kwanza kuitikia jina ndiyo inayotumiwa. Utaratibu huu una matokeo mawili ambayo wengi huyapuuza. Kwanza, moduli iliyowekwa katika saraka isiyokuwamo katika orodha ni sawa na isiyokuwapo, hata kama imejaza diski. Pili, moduli mbili zikiwa na jina moja, iliyo katika saraka ya mwanzo humziba mwenzake, hata iwapo yeye ni mkongwe na mwenzake ndiye aliyerekebishwa.

Kuna hatari nyingine inayozidi hizo. Kwa miaka mingi Perl ilikuwa ikitafuta moduli hata katika saraka ambamo mtumiaji amesimama wakati huo. Mtu mwenye hila angeweza kuacha moduli bandia katika saraka ya pamoja, akangoja msimamizi wa mfumo apite hapo na kuiita bila kujua. Desturi hiyo iliondolewa katika toleo la 5.26 mwaka wa 2017. Mlango uliokuwa umeachwa wazi kwa ajili ya wepesi ulikuja kufungwa kwa ajili ya usalama, na programu nyingi zilizokuwa zimeuzoea zikalazimika kuandikwa upya.

Mirathi ya Unix

Mfumo endeshi wa Unix, ulioasisiwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, ndio uliorithisha mifumo mingi ya leo mpangilio wake wa saraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, saraka iliyoitwa /usr ilikuwa ya kuhifadhi kazi za watumiaji, kama jina lenyewe linavyodokeza. Diski ya kwanza ilipojaa, programu za mfumo zilihamishiwa katika diski ya pili ambamo /usr ilikuwa. Tokea hapo pakawa na /bin na /usr/bin, sehemu mbili zenye kazi inayokaribia kuwa moja. Vizazi vilivyofuata vilitunga sababu za kuhalalisha mgawanyo huo, ingawa chanzo chake kilikuwa uhaba wa nafasi tu. Ni mwaka wa 2012 ambapo mfumo wa Fedora uliziunganisha saraka hizo mbili, na wengine wakafuata. Jambo lililofanywa kwa dharura ya siku moja lilidumu kwa takriban miaka arubaini. Samaki mkunje angali mbichi, na mahali pa programu huamuliwa vyema kabla ya watu elfu kupazoea.

Hata hivyo, wafuasi wa Unix walijifunza. Mnamo Februari 1994 wajenzi wa Linux walitoa kanuni ya kwanza ya kupanga saraka, ambayo baadaye ilipanuliwa na kutolewa katika toleo lake la 3.0 mwaka wa 2015. Kiini cha kanuni hiyo ni kuitambua milki. Saraka ya /usr ni ya msambazaji wa mfumo. Yeye huijaza na yeye huirekebisha. Saraka ya /usr/local ni ya msimamizi wa tarakilishi ya mahali hapo. Msambazaji haruhusiwi kuivuruga anapoleta toleo jipya. Saraka iliyo chini ya /home ni ya mtumiaji mwenyewe. Wapangaji ni watatu, na kila mmoja ana ufunguo wake.

Lugha za tarakilishi zimeiga busara hiyo. Perl hutenga moduli zinazokuja pamoja na lugha yenyewe, zile zinazotolewa na msambazaji wa mfumo, na zile zinazoongezwa na msimamizi wa mahali. Mfumo wa Debian nao huziweka moduli zake za Python katika saraka inayoitwa dist-packages, ili zisigongane na zile za Python ambayo msimamizi ameijenga kwa mkono wake, ambazo hukaa katika site-packages. Tofauti ya jina hilo ni ndogo, lakini huzuia ugomvi mkubwa.

Palipopuuzwa mipaka hii, madhara yalionekana. Watumiaji wa Python walizoea kutumia mamlaka ya msimamizi kusakinisha moduli yoyote waliyoitaka, bila kujali kwamba programu za mfumo wenyewe zilitegemea moduli zizo hizo katika matoleo mengine. Mtu alitafuta zana ya kuchorea grafu akaishia kuivunja zana ya kusimamia tarakilishi nzima. Ndiyo maana tangu Debian 12, iliyotolewa mwaka wa 2023, kisakinishi cha Python hukataa kuingilia milki ya mfumo na humwelekeza mtumiaji ajitengee mazingira yake ya pekee. Waliolalamika kwamba wamenyimwa uhuru hawakutambua kwamba wamenyimwa tu uhuru wa kubomoa ukuta wa jirani.

Windows na Mac: jina si mahali

Katika Windows, tangu mwaka wa 1995, programu zimekuwa na saraka yake kuu inayojulikana kama Program Files. Hapa mwanaisimu ana jambo la kujifunza. Katika Windows XP ya Kijerumani saraka hiyo haikuitwa hivyo, ilikuwa Programme. Katika toleo la Kiitaliano ilikuwa Programmi, na katika la Kihispania ilikuwa Archivos de programa. Watunzi wa programu waliozoea Kiingereza waliandika jina la Kiingereza ndani ya kazi zao kana kwamba ni sheria ya maumbile. Programu hizo zilipofika Berlin au Madrid, zilibisha kwenye mlango usiokuwapo, au zikajiundia saraka ya pili yenye jina la Kiingereza kando ya ile ya wenyeji.

Kosa halikuwa la Wajerumani kuwa na lugha yao. Kosa lilikuwa la mtunzi kudhani kwamba jina analolijua yeye ndilo mahali penyewe. Windows ilikuwa na njia ya kuulizwa: programu ingeuliza saraka ya programu iko wapi, na mfumo ungejibu kwa lugha ya nyumba hiyo. Kuuliza si ujinga. Mgeni mstaarabu hapiti moja kwa moja hadi chumbani. Hupiga hodi, naye mwenyeji humwonyesha.

Tangu Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida mwaka wa 2007, suluhisho jingine limetumika. Jina halisi la saraka limekuwa moja ulimwenguni kote, na mtumiaji huonyeshwa jina la lugha yake juu ya lile halisi. Mac nayo imekuwa ikifanya vivyo hivyo: saraka ya Applications huonekana kwa Mjerumani kama Programme, ingawa ndani jina halikubadilika. Wapo watakaouona mpango huu kuwa ni ubeberu wa lugha uliojificha, kwa kuwa Kiingereza ndicho kilichobaki msingini. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini kwa jambo hili haitoshi. Jina la ndani la saraka ni kama nambari ya nyumba: linamhudumia mleta barua. Jina linalosomwa na mwenye nyumba ndilo linalopaswa kuwa la lugha yake. Tatizo la Kiswahili si kwamba jina la ndani ni la Kiingereza. Ni kwamba jina la nje aghalabu halijaandikwa kamwe.

Madhara ya kuandika mahali kwa mkono yameacha alama isiyofutika. Katika Windows ya biti 64, maktaba za biti 64 hukaa katika saraka inayoitwa System32, na zile za biti 32 hukaa katika SysWOW64. Majina yanasema kinyume cha yaliyomo. Sababu ni kwamba programu nyingi mno zilikuwa zimeandikwa zikitaja System32 moja kwa moja, na kulibadilisha jina hilo kungezivunja zitakapoandaliwa kwa biti 64. Ikawa afadhali jina lidanganye kuliko watunzi wote warudie kazi.

Hoja ya kila programu na mzigo wake

Wapo wataalamu wanaopinga utaratibu huu wote. Wao husema: kwa nini kusumbuka na chumba cha nani, ilhali diski za leo ni kubwa? Kila programu na ije na moduli zake zote ndani ya furushi moja, iwekwe popote, nayo itafanya kazi. Hoja hii ina nguvu. Mtumiaji hupata programu inayofanya kazi siku ile ile, na programu mbili zinazohitaji matoleo tofauti ya moduli moja hazigombani. Kwa mtu mwenye tarakilishi moja na kazi ya kumaliza kesho asubuhi, hakuna njia nyepesi kuliko hiyo.

Lakini mzigo uliofungwa hauonyeshi kilichomo. Mwezi wa Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika Log4j, moduli ya Java ya kuweka kumbukumbu za matukio. Moduli hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya programu nyingi, nyingine zikiwa ndani ya mafurushi mengine. Wasimamizi kote duniani walilazimika kwanza kuitafuta ilikojificha kabla ya kuirekebisha. Linganisha na udhaifu wa OpenSSL ulioitwa Heartbleed, uliotangazwa Aprili 2014. Katika mfumo wa Linux ambamo programu zilishiriki nakala moja ya OpenSSL, msimamizi aliibadilisha nakala hiyo, akaziwasha upya programu zilizoitumia, na zote zikapata nakala mpya. Kazi ya kubadilisha funguo na vyeti ilibaki, lakini angalau alijua moduli iko wapi. Furushi humrahisishia anayeanza na humlimbikizia kazi anayetunza. Kwa hivyo lifae kwa programu ya mtu mmoja. Lisifanywe kanuni ya maabara nzima.

Kiswahili kinakaa wapi?

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika tarakilishi si za jana. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, kikundi cha programu za afisi kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili kilichosakinishwa juu ya Windows XP ya Kiingereza na kuyafunika baadhi ya maneno yake. Leo LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kamusi hiyo ni ya aina ya Hunspell, mfumo uliobuniwa na László Németh kwa ajili ya Kihangari, ambacho ni lugha ambishi bainishi kama Kiswahili kilivyo. Ina faili mbili: moja ya maneno na nyingine ya kanuni za viambishi. Kazi kubwa ya kiisimu imo ndani ya faili hizo.

Faili hizo zimepewa jina gani? Zimeitwa sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Kwa upande mwingine, Windows ilipokiandikisha Kiswahili ilikiita sw-KE, yaani Kiswahili cha Kenya. Lugha moja, sanifu moja, imeandikishwa kwa uraia mbili katika nyumba mbili. Programu inayotafuta kamusi kwa alama ya sw-KE inaweza kupita mbele ya mlango wa sw_TZ na kutangaza kwamba hakuna kamusi ya Kiswahili, labda awepo mtu aliyekumbuka kuweka kiungo kutoka jina moja hadi jingine. Mwanafunzi anayeona kila neno la insha yake limepigiwa mstari mwekundu hajui kwamba anateswa na herufi mbili za jina la faili.

Upande wa tafsiri za menyu umekuwa na hekima zaidi. Katika Linux, tafsiri hizo huhifadhiwa katika saraka ya /usr/share/locale/sw, bila nchi. Mtumiaji aliyechagua Kiswahili cha Kenya hutafutiwa kwanza sw_KE. Isipopatikana, hupewa sw. Saraka moja inamhudumia wa Eldoret na wa Morogoro. Kanuni inayofaa inajitokeza hapa: jina la makao ya moduli ya lugha liwe pana kama lugha yenyewe, lifinywe tu panapokuwa na tofauti halisi. Kiswahili cha Kongo, kwa mfano, kina alama yake cha pekee, swc, na hapana ubaya kikijengewa chumba chake. Kuitenga Kenya na Tanzania katika tahajia sanifu, kwa upande mwingine, ni kuchora mpaka ambao waandishi wa lugha hawauoni.

Suala la pili ni la ufunguo. Katika maabara za vyuo, mwanafunzi kwa kawaida hana mamlaka ya msimamizi, na ni haki asiwe nayo. Ikiwa kamusi ya Kiswahili inaweza kukaa tu katika milki ya mfumo, basi mwanafunzi huyo anategemea hisani ya msimamizi, ambaye huenda hajawahi kuiona haja yake. Lakini mifumo yote mikuu ina chumba cha mtumiaji. Katika Mac, kamusi ya Hunspell ikiwekwa katika saraka ya Library/Spelling iliyo nyumbani kwa mtumiaji, mfumo huitambua. LibreOffice hukubali kiendelezi cha kamusi kisakinishwe kwa mtumiaji mmoja. Tangu Windows 7 ya mwaka wa 2009 pamekuwa na saraka rasmi ya programu za mtumiaji binafsi. Anayetunga moduli ya Kiswahili na kuilazimisha ipitie kwa msimamizi amewafungia nje wale wale aliowakusudia.

Hitimisho

Yaliyojadiliwa yanaelekeza kwenye mapendekezo machache. Watunzi wa moduli wauulize mfumo mahali pa kusakinisha badala ya kupaandika kwa mkono, na waruhusu usakinishaji wa mtumiaji mmoja. Wasimamizi wa maabara waiweke kamusi ya tahajia ya Kiswahili katika milki ya mfumo kwa tarakilishi zote, kama wanavyofanya kwa Kiingereza, na wahakikishe kwamba inapatikana kwa sw_KE na sw_TZ pia. Idara za Kiswahili nazo ziwape wanafunzi mazoezi ya kuzikagua na kuzirekebisha faili za viambishi, kwa maana hakuna mhandisi atakayeijua ngeli ya maneno hayo kuliko wao.

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kujadili iwapo chombo hiki kiitwe tarakilishi au kompyuta. Mjadala huo una nafasi yake. Hata hivyo, nyumba njema si mlango. Kukipa chombo jina la Kiswahili bila kujua Kiswahili chenyewe kimehifadhiwa wapi ndani yake ni kuandika jina la familia mlangoni huku familia ikilala nje. Lugha iliyowapa wasemaji wake neno la kusakinisha inastahili kuwa na maskani inayojulikana, yenye ufunguo mikononi mwa wanaoitumia.